Walisema ni Gita

"Pontien, suti ya tonton iko wapi?"

Benedicta alikuwa amepiga magoti sakafuni, sanduku liko wazi mbele yake, na ndani ya sanduku hamna kitu. Suti ya kijivu ya mjomba wake, hamna. Blanketi mbili, hamna. Viatu vya ngozi walivyozungukia mji mzima wakitafuta saizi, navyo vimekwenda. Akatazama pembeni ya kabati. Cherehani pia haikuwepo.

"Usikasirike kwanza," Pontien akasema kutoka mlangoni. Alikuwa anacheka, begi refu jeusi likiwa mgongoni.

"Sijakasirika. Nauliza."

"Nimebadilisha."

"Umebadilisha na nini?"

Pontien akalilaza begi kitandani kwa adabu zote, kama anayelaza mtoto mchanga, akavuta zipu. Gita la besi. Jekundu, nyuzi tano, linang'aa hata katika kile chumba chao kisichojua jua.

"Angalia, chérie! Kamba tano! Iko mzungu mmoja wa Queensburgh anahamia Australia, ameuza nyumba yote na vitu vyake. Térence akaichukua hii. Nikamwambia Térence, usiuzie mtu, hii ni yangu."

Térence alikuwa Mkongo mwenzao aliyekula kwa kununua vitu vya wanaohama na kuviuza katika mji huu wa bandari walikokimbilia kusini. Mwaka ule wa 1999 wanaohama walikuwa wengi, na kwa Térence ungeweza kubadilisha chochote kwa chochote.

"Pontien, ile ilikuwa mahari yangu."

"Najua."

"Unajua! Jumamosi ijayo tonton Cyprian anatungoja kule Bluff. Amealika watu. Utamupelekea gita?"

"Sikiliza. Mpiga bass wa Papy ameenda Canada. Papy ameniita Jumatano, kujaribu tena. Nikiingia kwa orchestre ya Papy, tutapiga hoteli kila wiki, mwezi wa tisa Johannesburg. Ile suti nitanunua tatu! Tonton atangoja kidogo tu."

"Na Papy akikukataa?"

Pontien akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Atanikatalia nini tena? Wewe mwenyewe ndiye uliniambia. Mwaka ule walisema ni gita. Voilà, gita ndiyo hii."

Benedicta akafunga lile sanduku tupu, akalisukuma chini ya kitanda. Lile neno la gita lilikotoka, alikujua yeye peke yake.

Walikuwa wameishi pamoja miaka mitatu bila mahari. Yeye alisuka nywele saluni, Pontien alilinda magari kule ufukweni, na kanisani akina mama waliwasalimia kwa ncha za vidole. Baba yake Benedicta alipotelea njiani mwaka 1996, siku walipokimbia Bukavu. Aliyebaki wa kupokea mahari yake ni kaka wa mama, Cyprian, mfanyakazi wa bandarini. Cyprian hakuomba makubwa. Aliandika vitu vinne kwenye karatasi: suti, viatu, blanketi mbili, cherehani ya kumtumia dada yake, mama yake Benedicta, aliyebaki nyumbani. Iliwachukua mwaka na nusu kuvikusanya.

Sasa turudi kwenye lile neno, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Mwaka 1997 Pontien alikwenda kujipima kwa Papy na gita lake la zamani, lenye shingo iliyopinda. Akapiga, wakamsikiliza, Papy akamwambia tu, "Tutakuita." Watu wa kwao wana heshima yao katika mambo haya. Mwanamume haambiwi kosa lake mbele ya wanaume wenzake. Neno la aina hiyo hupitishwa kwa mtu wa nyumbani kwake, naye hulipeleka kwa ulimi laini, mlango ukiwa umefungwa. Ndiyo maana siku mbili baadaye Papy alipokuja saluni kumchukua mkewe Jeancy, alimvuta Benedicta kando.

"Mwambie Pontien mkono wake iko muzuri," alisema. "Mais kwenye sebene, ile ya kuchezesha watu, anakimbia. Dramu inabaki nyuma, yeye anaenda peke yake. Mwambie akuje akae na Dulla, mpiga dramu wangu, mwezi moja, kila siku, polepole. Ni ugonjwa wa kupona huo. Akipona, namuchukua."

"Na gita yake, chef? Si imepinda?"

"Gita haina kosa. Nimeona watu wanapiga na mbaya kuliko ile, na watu wanacheza mpaka jasho."

Benedicta akarudi nyumbani na maneno hayo mdomoni. Akamkuta Pontien amekaa kitandani na sare yake ya kulindia magari, hajala, hajavua viatu. Akainua uso. Lo, ule uso! Benedicta alikuwa amezoea kuona uso wa namna ile njiani, mwaka wa kukimbia, na hakutaka kuuona tena ndani ya chumba chake.

"Wamesema nini?"

"Wamesema ni gita tu, chéri. Shingo imepinda. Mkono wako hauna neno."

Pontien alimbeba akamzungusha mpaka wakaangusha sufuria. Siku ile Benedicta alijiona mwanamke mwema.

Basi Pontien akaanza kazi ya kutibu gita. Alibadilisha nyuzi, haikusaidia. Akabeba ampli ya zamani ya kukuzia sauti begani kutoka Mobeni, akaiunga waya mwenyewe, haikusaidia. Akaenda bendi nyingine tatu, zikamwambia tutakuita, naye kila mara akarudi na jibu lake tayari: ampli inakoroma, nyuzi ni za bei rahisi, bado kidogo. Hakuna siku aliyokaa na mpiga dramu. Angekaa naye kwa nini, wakati mkono hauna neno? Alipiga peke yake chumbani, na Benedicta, aliyekuwa akipika pembeni, aliusikia ule mkono ukikimbia zaidi kila mwaka. Aliusikia akanyamaza.

Jumatatu simu ya saluni ikaita.

"Benedicta? Ni tonton yako."

"Tonton, shikamoo."

"Marahaba, mama. Nimeshapata ruhusa kazini. Pasteur atakuja, jirani zangu watakuja. Mume wako iko tayari?"

"Iko tayari, tonton."

"Vitu vyote?"

Mteja alikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa. Benedicta akamgeuzia mgongo.

"Vyote, tonton."

"Mungu abariki. Mama yako atalia akisikia. Eish, hata mimi nitalia."

Akaweka simu chini. Msuko uliofuata aliufumua na kuusuka mara tatu.

Jumanne mchana aliomba ruhusa, akaenda kwa Papy. Alimkuta mezani anakula, Jeancy akaondoka kuwapisha.

"Chef, nakuomba. Kesho mumuchukue Pontien."

"Akipiga muzuri, namuchukua. Kwani alikaa na Dulla? Dulla hakuniambia."

Benedicta akatazama sahani.

"Benedicta. Yale maneno nilikupa, ulimufikishia?"

"Nilimwambia ni gita."

Papy aliacha kula. Alipozungumza hakupandisha sauti, jambo lililomuumiza Benedicta zaidi.

"Nilikuachia dawa ya mtu mkononi, we ukaimwaga."

"Nilimuhurumia, chef. Hukuona uso wake."

"Mwezi moja ilitosha. Sasa amekimbia peke yake miaka mbili. Mkono umeshazoea."

"Umuchukue tu, nakuomba. Dulla atamufundisha ndani ya orchestre."

"Nina watu tisa wanakula kwa hii orchestre. Mwambie leo, mbele hajakuja. Mimi akiniuliza, sitamudanganya."

Alirudi nyumbani amejiandaa. Njia nzima alikuwa anajisomea sentensi yake ya kwanza. Akamkuta Pontien anafuta lile gita kwa fulana safi.

"Pontien, iko neno nataka kukuambia."

"Kaa hapa kwanza, mimi nikuambie langu." Akamvuta mkono, akamketisha. "Unajua kwa nini sikukata tamaa miaka hii yote? Kule parking watu wananitupia senti kama mbwa. Orchestre tatu zimenikataa. Mais kila nikitaka kuacha, nakumbuka ile siku. Wewe peke yako uliniambia mkono wangu hauna neno. Donc nilijua, iko mtu moja hapa duniani ananiambia ukweli."

Benedicta akafungua mdomo.

"Haya, sema lako," Pontien akasema.

"Nilitaka kukuambia... kesho nitaomba ruhusa nije kukuangalia."

Nikwambie kweli, hapo hata mimi ninayesimulia nilitamani kumshika mabega nimtikise. Alikuwa amepewa nafasi ya mwisho, mlango wazi, na akaupita.

Bendi ilifanyia mazoezi kwenye ghala moja tupu huko Mobeni. Jumatano saa nane mchana Benedicta alikaa kwenye benchi karibu na mlango. Pontien alipofungua begi, wanamuziki walipiga mluzi. Hata Dulla, Mtanzania mwembamba wa Tanga aliyekuwa nyuma ya dramu zake, alinyanyuka kuchungulia.

"Kaka, hapo umetisha," alisema. "Chombo cha maana hicho."

"Sasa mtanisikia," Pontien akajibu.

Na kweli walimsikia. Sehemu ya polepole aliipiga vizuri mpaka Benedicta akaanza kuomba Mungu kwa matumaini. Sauti ya lile gita ilikuwa nene, ilijaa ghala zima. Kisha ikaja sebene, pale gita zinapochemka na watu kunyanyuka kucheza, na mkono wa Pontien ukakimbia. Nyuzi tano, ampli kubwa ya bendi, kila kosa likasikika mara mbili. Papy akainua mkono. Wakaanza upya. Akakimbia tena. Mara ya tatu Dulla aliacha kupiga, akamtazama, na Pontien akaendelea kupiga peke yake mapigo manne mazima kabla ya kugundua.

"Inatosha," Papy akasema. "Pontien, ndugu yangu, gita ni nzuri sana. Mais bado unakimbia."

"Bado? Namna gani bado?"

"Bado, kama mwaka ule."

"Mwaka ule ilikuwa gita! Shingo ilipinda."

Papy akageuka. Aliinama kukusanya waya zake. Ila Dulla, kwao hizo adabu za kupitisha neno pembeni hawakumfundisha.

"Gita? Nani kakwambia gita, kaka? Sisi tulisema uje ukae na mimi mwezi mmoja, tupige polepole mpaka utulie. Nilikungoja weye mpaka nikachoka, nikasema jamaa ana majivuno huyu."

"Mulimwambia nani?"

Dulla akamtazama Papy. Papy akaendelea kukunja waya. Hakuna aliyetaja jina. Pontien akageuka taratibu mpaka macho yake yakafika kwenye lile benchi.

Nje kulikuwa na malori yakipakia. Alitembea mbele, gita mgongoni, Benedicta akimkimbilia nyuma.

"Pontien, nisikilize!"

"Nakusikiliza." Akasimama. "Papy alikuambia?"

"Aliniambia."

"Alikuambia mwezi moja?"

"Ndiyo."

"Na nikiwa nanunua kamba, ulikuwa unajua. Nikibeba ile ampli begani, unajua. Jumamosi nimetoa mahari yako kwa Térence, bado unajua."

"Nilikuwa nataka kukuambia. Jana nilikuwa nataka."

"Jana ulisema utaomba ruhusa kazini."

"Ulikuwa na huzuni, Pontien. Siku ile. Sikuweza kukuongezea."

"Kweli? Ni hiyo tu?"

Lori likapita. Benedicta alingoja lipite. Hapa alikuwa na uwezo wa kusema ndiyo, ni hiyo tu, na jambo lingeishia hapo.

"Siyo hiyo tu," akasema. "Niliogopa. Bendi inaenda hoteli, inaenda Johannesburg, wanawake wazuri wanajaa mbele. Nilipoteza baba, nikapoteza nyumba. Nikasema, ukibaki na gita mbaya, utabaki hapa na mimi."

Pontien alishusha begi chini, kwenye vumbi, yeye ambaye jana alilifuta gita kwa fulana.

"Donc uliniweka."

"Nilikupenda."

"Uliniweka kama mtu anaweka mbuzi kwa kamba. Na kamba nilinunua mimi mwenyewe."

Akachukua begi akaenda. Usiku huo hakurudi, wala Alhamisi, wala Ijumaa. Mwenzake wa parking alimwambia Benedicta yupo, analala kwao, hasemi.

Jumamosi Benedicta alikwenda Bluff kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Alivaa kitenge kipya. Mjomba wake alikuwa amepanga viti, pasteur ameshaketi, akina mama wanakaanga sambusa jikoni na kupiga soga. Benedicta akawa anatafuta namna ya kusema hakuna mtu atakayekuja. Saa sita kasoro, teksi ikasimama nje. Pontien akashuka na wenzake wawili wa parking, wamevaa mashati meupe. Wakaanza kuteremsha: blanketi, viatu, cherehani. Suti ya kijivu Térence alikuwa ameshaiuza, wakaleta nyingine ya kahawia. Gita halikuwepo.

Vigelegele! Cyprian alitoka nje mikono wazi, machozi yanamtoka kama alivyoahidi. Benedicta akapenya katikati ya wageni. Alimvizia Pontien kwenye ujia wa jikoni.

"Umekuja," akasema.

"Niliahidi familia yako. Mimi nikiahidi, nafanya."

"Umenisamehe?"

"Nitakuoa, Benedicta. Sitakupiga, sitatoka nje. Ila nakuomba kitu moja. Usinisifu tena. Nikipiga, usiniambie nimepiga vizuri. Nikiwa mgonjwa, usiniambie nitapona. Sitaamini."

"Na nikikuambia nakupenda?"

Pontien alifikiri kweli kweli. Hakuwa anamkomoa, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Hata hiyo," akasema. "Hata hiyo sijui nitaiweka wapi."

Wakaitwa sebuleni. Vitu vilikuwa vimepangwa kwenye mkeka, karatasi imesomwa, kila kimoja kimeguswa na kuhesabiwa kuwa kimefika. Kwa desturi yao, mahari haichukuliwi mpaka msichana mwenyewe aulizwe mbele ya watu, na jibu hujulikana kabla, ni mchezo wa kuwafurahisha wageni. Cyprian akasimama.

"Benedicta, mtoto wa dada yangu. Unamujua huyu kijana?"

"Namjua, tonton."

"Vitu vyake tupokee, tule, tusirudishe? Ama tuviache?"

Akina mama walikuwa wameshashika midomo tayari kwa vigelegele. Benedicta akamtazama Pontien. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, kama mtu aliye foleni ofisini akingoja aitwe jina. Akayaona maisha yao yote: yeye anaongea, na mumewe anatikisa kichwa kwa adabu, haamini hata salamu.

"Msipokee," akasema.

"Umesema?"

"Msipokee, tonton. Ameleta kwa sababu ni mtu wa neno lake. Mimi ndiye nilivunja. Nilimudanganya miaka mbili, na ananioa kama mtu anayelipa faini. Sitaki alipe."

Pontien akainuka nusu. "Benedicta, mimi nimekubali."

"Najua umekubali. Haunitaki."

Alingoja akatae. Sebule nzima ilingoja akatae, hata pasteur. Pontien akakaa tena, akatazama mkeka.

Cyprian hakupiga kelele. Alikunja karatasi yake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Wageni wakaaga mmoja mmoja bila kula. Wenzake Pontien wakabeba blanketi na suti, wakaenda kungoja kwenye teksi, ikabaki cherehani, ambayo ni chuma kitupu na mtu mmoja haiwezi. Benedicta akashika upande mmoja. Wakaiteremsha ngazi pamoja, kitenge chake kikiburutika.

"Pole pole, iko ngazi," Pontien akasema.

"Naiona."

Wakaifikisha, wakaiingiza. Benedicta akajifuta mikono.

"Utaenda kwa Dulla?"

"Jumatatu. Anasema gita lile la zamani linatosha."

"Linatosha," Benedicta akasema, kisha akakumbuka aliombwa asisifu.

Dereva aliwasha gari. Pontien akaingia, akashusha kioo.

"Johannesburg," akasema. "Ulidhani ningekuacha hapa?"

"Ndiyo."

"Nilishamuuliza Papy mwaka ule, siku ya kujipima, mbele sijapiga hata kamba moja. Nikamuuliza, orchestre ikisafiri, mtu anaruhusiwa kuja na bibi yake? Akasema anaruhusiwa."

Teksi ikaondoka. Benedicta alibaki pale barabarani mpaka mjomba wake alipotoka kumwita aingie ndani, ale chochote, maana chakula kilikuwa kingi na hakuna wa kukila.